Mapacha Wetu na Mvua Iliyosusa

Jumapili iliyopita nilialikwa kwenye ubatizo wa mapacha hapa Nyasubi. Weee! Turubai, spika za kutikisa vikombe, pilau, na keki iliyoandikwa majina kwa sukari: Kulwa na Doto. Tukaambiwa tupige vigelegele, tukapiga. Nikajikuta nacheka peke yangu mpaka mjukuu wangu akaniuliza, bibi, una nini? Nina nini? Nimekumbuka mwaka ambao Kulwa na Doto wa kwetu nusura watugombanishe na kijiji kizima.

Kwetu kulikuwa upande wa kwenda Isaka, miaka ile kabla ya Uhuru, nami nilikuwa binti wa kuchota maji na kubembeleza watoto. Baba alikuwa Geita, akichimba dhahabu ya wazungu chini ya ardhi, na tulimwona mara moja moja. Nyumbani tulibaki na mama, pamoja na bibi aliyemzaa baba. Mama alikuwa Mkristo wa rozari shingoni. Bibi alikuwa na vibanda vyake vidogo vya mizimu nyuma ya nyumba, na hakutaka kusikia habari za kubatizwa. Lakini walipatana, jamani! Jioni mama anasali ndani, bibi ananong'ona na wazee wake huko nje, halafu wote tunakutana kwenye ugali wa mtama na mlenda. Mpaka leo nikinusa mlenda natafuta pa kukaa.

Ndipo mama akajifungua mapacha. Enzi hizo pacha hawakuwa wa kukatiwa keki. Mganga alitakiwa aje na dawa ya majani, ainyunyize nyumbani na mashambani, na watu wazima wacheze wakiimba matusi ambayo siku nyingine ungechapwa kwa kuyasikia tu. Isipofanyika hivyo, walisema, mvua inasusa. Katekista wetu naye alishasema wazi kwamba atakayecheza ngoma hiyo asije kukomunika. Mama akasema hachezi, ng'o. Bibi akanuna, akasonya, lakini akawabeba wajukuu zake mmoja huku, mmoja kule.

Sasa, mvua si ikasusa kweli! Mwezi wa kupanda ulifika na kupita, ardhi imekauka, mbingu nyeupe. Tulikula michembe asubuhi na michembe jioni, vile viazi vikavu, mpaka taya zikauma. Jirani yetu wa ng'ambo ya ua wa minyaa akaacha kupita uwanjani kwetu. Alizunguka mbali na mtungi wake, na salamu akaturushia kutoka huko huko. "Mwangaluka! Vipi, huyo Mungu wa mama mapacha bado amelala?" Watoto wenzangu kisimani waliniuliza hivyo hivyo. Kanisani benchi letu likawa na nafasi ya kujinyoosha.

Mama alikonda. Maziwa yalimpungua na mapacha wakawa wanalia kwa zamu. Alianza rozari akaisahau katikati, akaanza upya, akaisahau tena. Mimi nilikuwa naogopa sana. Nilimwomba Mungu alete mvua hata kidogo, hata kwenye shamba letu tu, ili jirani anyamaze.

Asubuhi moja mama alivua rozari, akaitundika kwenye kigingi cha mlangoni. Akaniambia bila kunitazama, "Nenda kamwambie bibi yako aniitie mganga. Nimeshindwa."

Nilikimbia, na sitakuficha, nilikimbia kwa furaha. Mambo yameisha! Bibi alikuwa amepiga magoti anasaga mtama wetu wa mwisho kwenye jiwe. Nilitegemea vigelegele. Badala yake alinyanyuka na unga wake mikononi, akaenda moja kwa moja mpaka kwa mama.

"Nasikia unahamia kwangu," akasema.

"Wajukuu zako watakufa njaa, mama, kwa ajili yangu."

"Mwanangu yuko chini ya ardhi kule Geita. Kila jioni nakusikia unamtaja kwa huyo Mungu wako, ndipo na mimi usingizi unanijia. Mimi nawaomba wa kwangu, wewe unamwomba wa kwako. Leo ukihamia huku, kule nani atamtaja mwanangu?"

Mama akaanza kulia. "Mama, mimi mwenyewe sijui kama ananisikia."

"Sikukuuliza kama anasikia. Nimekwambia usiache kumwita."

Akaitungua rozari, akamvalisha mama kwa mikono ile ile ya unga. Halafu akatoka nje, akapaza sauti juu ya minyaa, "Jirani! Mapacha ni wajukuu zangu. Mvua ikichelewa, njoo unidai mimi!" Jirani akajifanya anafukuza kuku.

Mvua haikunyesha siku ile, wala wiki ile. Ilikuja ilipotaka, ikatulowesha wote bila ubaguzi. Katekista alisema ni sala. Jirani alisema lazima kuna mtu amenyunyiza dawa kwa siri. Bibi alisema ilikuwa imechelewa tu, kwani haijawahi kuchelewa? Mapacha walipobatizwa alisimama nje ya kanisa akicheza wimbo wake wa mapacha, na kila akifika penye tusi anafumba mdomo na kuguna. Katekista alijikaza, akashindwa, akacheka.

Baba alirudi mzima. Leo ule ua wa minyaa haupo, jiwe la kusagia sijui liko wapi, na hakuna tena anayezunguka mbali na mtungi kwa kuogopa watoto wachanga. Hilo silililii. Ninayemlilia ni bibi, aliyekufa bila kubatizwa, na mama aliyemtaja katika sala kila jioni mpaka naye akaondoka. Aliwahi kuniambia siku ile hakuwa na imani hata ya kuwasha moto, bibi ndiye aliyemshikia.

Sasa rozari ninayo mimi. Kuna jioni nasali nikiamini mpaka naimba, na kuna jioni siamini chochote, narudia maneno tu. Hata hivyo nawataja wote, na kwa bibi nakawia kidogo, maana najua alikuwa akisikiliza.