Hesabu ya Magari Siku ya Msiba, Mtaa wa Mpilipili

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti cha plastiki, ubao wa kuandikia na fomu, nikaambiwa nikakae kando ya barabara kule Tegeta nihesabu magari mpaka jioni. Mie niliyetoka chuoni na cheti cha fundi sanifu, niliyeota kushika darubini ya upimaji, nimekaa juani kama muuza karanga! Fundi sanifu, kwa vijana msiojua, ndiye miguu ya mhandisi. Mhandisi anakaa na michoro, fundi sanifu anakula vumbi.

Jioni nilirudisha fomu, na chini nilikuwa nimeandika kwamba mchana magari yalipungua kwa sababu lori lilikwama njia panda. Mhandisi wa Barabara wa wakati ule, mzee mkali asiyecheka na mtu, akaipigia mstari ile sentensi.

"Nani kakuuliza sababu?"

"Hakuna, mzee. Nimeona nifafanue tu."

"Usifafanue. Andika namba kwenye safu yake, basi. Ukiandika maelezo, wakubwa wanauliza maswali, faili linarudi. Faili likirudi, naitwa mimi."

Nikalishika somo hilo kama sala. Hata leo nikilikumbuka najisikia kuvunja kitu.

Baadaye nikahamishiwa Kimbiji. Huko kazi ilikuwa kupigia mambo, yaani vigingi, ukingo wa hifadhi ya barabara. Hifadhi ni ule ukanda wa pembeni ambao mtu haruhusiwi kujenga, ili siku barabara ikipanuliwa asibomolewe. Msimamizi wa kituo alikuwa mpole, ila kwenye mambo yake hana mchezo. Mtu mmoja mwenye uwezo alipoingiza uzio wake hatua mbili ndani ya hifadhi, tuliung'oa mchana kweupe. "Hii ni ya wote, hata kama ni mchanga mtupu," alisema, na akaenda zake kunywa chai. Nilidhani wakubwa wote wako hivyo. Ujinga wangu.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa upande wa Mtoni. Ofisi siitaji, kwa maana wengine bado wako kwenye viti vyao. Mhandisi wa huko alikuwa kijana, ana heshima zote za mdomoni.

"Shikamoo mama. Kesho naomba uende Mtaa wa Mpilipili, ukahesabu magari."

Kulikuwa na mwekezaji aliyenunua viwanja pande zote mbili za mtaa ule, anataka kipande cha barabara katikati kifungwe ili aunganishe eneo lake ajenge maghala. Kabla ya kufunga barabara ya umma, faili lazima lionyeshe inatumika kiasi gani.

"Siku ngapi?" nikauliza.

"Moja tu, mama. Hilo faili linasubiriwa juu."

Siku moja! Kazi ya siku kadhaa, mnaifanya kwa siku moja. Nilinung'unika, nikaenda.

Nilipofika nilikuta turubai limefungwa kutoka ukuta hadi ukuta. Uswahilini nyumba zetu ni ndogo, msiba tunaupokea barabarani. Viti vinapangwa, mikeka inatandikwa, na dereva akiona turubai anageuza bila kupiga honi. Alikuwa amefariki Mzee Shomari, fundi seremala. Mtu mwenye akili angefunga ubao wake arudi ofisini. Mimi nikatafuta kivuli, nikakaa kuhesabu.

Wanawake wa msibani wakaniona.

"Dada we! Watu tuna msiba, wewe umejitenga na makaratasi? Njoo huku."

Wakanipa kanga nijitande, wakaniketisha mkekani, wakanipakulia wali. Mtaa ulijaa mpaka mwisho. Walikuja watu wa Mbagala, wa Kigamboni, wengine wamekaa vibarazani kwa majirani. Mimi kalamu mkononi: magari madogo, sifuri. Malori, sifuri. Bajaji, sifuri. Pikipiki, sifuri. Chini ya fomu palikuwa na mistari miwili ya maelezo. Neno moja tu lingetosha, msiba. Sikuliandika. Si kwamba nilitumwa au nilihongwa. Ni mazoea ya kijinga ya miaka. Nikatia sahihi.

Tangazo la kufunga barabara lilipobandikwa, wakazi wakaja juu, ikaitishwa mikutano kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Kwenye ule wa mwisho nilikaa nyuma ya Mhandisi. Akasimama Bi Mwanaidi, mjane wa Mzee Shomari, ambaye nyumba yake iko ndani kabisa, nyuma ya kile kipande.

"Mie figo zimenishinda. Kila wiki naenda kusafishwa damu, na bajaji inanifuata mlangoni. Mkifunga hapo, hiyo bajaji itapaa?"

Watu wakapiga makofi. Mhandisi akainua fomu yangu.

"Mama, tunakuelewa. Lakini tumehesabu kitaalamu. Barabara hii haitumiki."

Tulipotoka nikamvuta pembeni. "Mhandisi, siku ile palikuwa na msiba."

"Umeandika wapi?"

"Sikuandika."

"Sasa mama, mimi nisome moyo wako?"

Nikaandika barua ya kusahihisha hesabu yangu. Mkuu wa Idara aliisoma mara mbili, akavua miwani. "Mama, umebakiza kidogo ustaafu. Unajichongea ili iweje?" Barua ikagongwa muhuri wa kupokelewa, ikawekwa mwisho wa faili, na hapo ndipo ilipolala. Ukuta ukajengwa. Wakazi wa nyuma wakaachiwa kichochoro cha kupita mtu mmoja mmoja.

Nimestaafu sasa. Nasikia siku hizi mnahesabu kwa kamera, namba zinajitokeza zenyewe. Hongereni. Ila kamera nayo haiulizi, na kuuliza ndiyo kazi yenu. Mkikuta barabara tupu, gongeni mlango wa karibu mjue kwa nini. Na faili likirudi, lirudi! Limeua nani kwa kurudi?

Mwezi uliopita nilijikaza nikaenda kwa Bi Mwanaidi. Nilimkuta mlangoni, amejifunga kanga tayari kwenda kusafishwa damu, mjukuu wake wa kike amemshika kiuno. Bajaji siku hizi inasimama barabara kubwa, naye anatembezwa mpaka huko, anapumzika mara tatu njiani. Nikamwomba asubiri kidogo. Nikamweleza yote, fomu, siku ile, sahihi.

Nilitamani anitukane.

"Mume wangu alizikwa na watu mpaka nikakosa pa kuwakalisha," akasema. "Na wewe ulikuwepo, umekula na sie. Ukaandika sifuri?"

"Ndiyo, mama. Nikaandika sifuri."

Akamgeukia mjukuu wake. "Twende, tutachelewa."