Sahihi za Mwezi Mzima

Mume wangu ni fundi viatu, na mtaa mzima unamwita Gundi. Mkono wake mwepesi, hilo simnyimi. Ubaya wake, kila kitu anataka akimalize kwa mkupuo mmoja.

Madrasa ya binti yetu ina daftari. Kila mstari una somo la siku, na pembeni mzazi anatia sahihi kwamba amemsikiliza mtoto akisoma kwa moyo. Mimi nina zamu ya jioni, nafua mashuka hospitali, kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa yake. Basi bwana huyo, siku ya kwanza tu, akatia sahihi za mwezi mzima, akarudi kushona soli.

Siku ya nne daftari likarudi na maneno ya ustadhi: "Mzazi, umesikiliza sura ambayo sijaifundisha bado." Chini yake kaandika kwamba mtoto atapimwa sura ya wiki hii Jumamosi mbele yetu, na akikwama, atarudishwa darasa la chini.

Binti alilia mpaka kwikwi. Nami nikampasha mume wangu, sikumbakishia.

"Yaishe, mama watoto," akasema kwa upole. "Mimi madrasa niliikimbia. Niliogopa mtoto atagundua baba yake hajui kitu."

Hasira zote zikaniisha. Nilimwonea huruma.

"Herufi si unazijua?" nikamwambia. "Shika msahafu, ufuate kwa kidole. Kukosea mtakosea wote."

Kuanzia hapo redio ya kibandani kwake ikazimwa. Gundi ananawa, anatawadha, anafungua msahafu, na wateja wanangoja viatu vyao. "Rudia hapo, mama," utamsikia akimwambia binti. Kufika Ijumaa alikuwa anaisoma sura hiyo mwenyewe kwa moyo huku anapiga misumari.

Jumamosi binti alianza vizuri, katikati akakwama. Mara nikasikia mtu ananong'ona aya inayofuata kando yangu. Ustadhi akainua kichwa.

"Mzazi, siku nne hukumsikiliza hata aya moja. Leo kunyamaza kumekushinda?"

Gundi akajiziba mdomo kwa kofia. Binti alipomwona hivyo akacheka, akavuta pumzi, akasoma mpaka mwisho bila kugugumia.

"Amepita," ustadhi akasema. "Ila baba yake aje Jumatatu. Darasa la chini lina nafasi."

Na Jumatatu alikwenda kweli, binti yake kamshika mkono.