Punda wa Mama Kasiva

Nthenya wa Mukuyuni hupiga na kuhariri video za harusi na matanga, na usimwambie kuna mkono mwingine kama wake Makueni nzima. Lakini fahari yake ya kwanza ni safina ya Nuhu, katuni aliyoichora kwa kompyuta mwaka 2003, akiwa ameolewa juzijuzi, ili watoto wa Sunday school waache kusinzia. Wanyama walitembea kwa kushtukashtuka na picha ilikuwa ukungu mtupu, ila watoto walishangilia.

Mwaka huu kanisa limenunua skrini pana kama ukuta, na pasta akaomba safina ifufuliwe kwa sherehe ya miaka thelathini ya kanisa. Nthenya akaifukua CD, akaipangusa, akaitia video katika programu ya kisasa inayokuza na kunoa picha za zamani. Programu ikajitia ujuaji: kuku wakaota meno. Akawang'oa mmoja mmoja, akicheka peke yake, mpaka ikafika zamu ya punda.

Kicheko kikamkauka. Ukungu ulikuwa umemsitiri miaka yote hiyo. Punda alikuwa na mwanya na kitambaa chekundu kichwani, na kabla ya kuingia safinani alifunua sufuria ya mahindi ya muthokoi ya mke wa Nuhu, akanusa, akatikisa kichwa. Ndivyo alivyokuwa akifanya Kasiva, mama mkwe wake, kila alipokuja kuwatembelea: sufuria kwanza, salamu baadaye. Nthenya alikuwa amemchora kwa hasira, na kanisani Kasiva hukaa kiti cha mbele kabisa! Akamwondoa punda yule, akaweka mwingine mpole, kichwa chini.

Jumapili kanisa zima lilishangilia. Kasiva hakupiga hata kofi moja. Baada ya ibada alimfuata mkwewe nje.

"Nthenya, punda wangu ako wapi?"

"Mama... kwani ulijua?"

"Bwana yako aliniambia hiyo wiki yenyewe. Nikakasirika mwezi mzima. Lakini mimi sina picha hata moja ya wakati nilikuwa na nguvu. Hii screen ikikuja, nikasema leo nitajiona."

Nthenya aliona aibu mpaka machozi yakamtoka. Akakimbia dukani kwake anakohariria video, viatu vya kanisa mkononi, akarudi na video yenye punda wa zamani. Watu walikuwa nje wakinywa chai. Akamwekea mama mkwe peke yake. Kasiva akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa skrini, akamtazama punda akipanda safinani kwa madaha.

"Aii, Nthenya," akasema taratibu, "kumbe nilikuwa na kiuno!"