Nafasi Yake Kwenye Kikundi cha Sola

Tarehe tisa Aprili, siku ya Jumanne, mke wangu alifariki. Aliumwa siku nne tu. Tulimzika Alhamisi, mvua ikinyesha. Udongo wa kijijini kwetu Bashay ukiloa unashika jembe, kwa hiyo kaburi lilichukua muda mrefu.

Wiki iliyofuata nilimwona mwenyekiti wa kikundi cha wanawake amesimama nje ya ua wangu. Hakuingia. Kwa wazee wetu, nyumba iliyofiwa na mke au mume inakaa peke yake kwa miezi kadhaa. Haichukui moto kwa jirani, wala jirani hachukui moto kwake. Siku hizi tunasali. Mchungaji alikuja akaombea nyumba yote hadi zizini, na watu husema mambo hayo yamepita. Lakini tangu mazishi hakuna aliyekuja kuomba hata kaa moja, na mimi sikwenda kwa mtu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekula?"

"Bado."

"Kula. Nimekuja kwa ile sola."

Hapo nikachanganyikiwa. Habari ya sola mke wangu aliniambia mwaka uliopita. Wanawake wa nyumba kumi na mbili walitaka kununua pamoja, kwa sababu muuzaji wa mjini anapunguza bei nyumba zikifikia idadi hiyo, na fundi anakuja mara moja tu kufunga zote. Yeye alikuwa anafuma sweta za kuuza, na moshi wa kibatari ulimtoa machozi. Mimi nilikataa. Nilisema kibatari kimetulea sote na hakuna aliyekufa. Nilidhani yameishia hapo. Kumbe, kama mwenyekiti alivyonieleza, alijiunga, akalipa kwa sweta zake mpaka akamaliza.

"Vyombo vinafika Jumamosi," mwenyekiti akasema. "Nafasi ya marehemu unaichukua, au tumtafute mwingine?"

"Sijui."

"Hata sisi hatujui. Bila nyumba yako tunabaki kumi na moja, bei inapanda kwa wote. Na ukija wewe na msiba wako..." Akaliangalia lango langu. "Njoo tu. Utakaa pale mlangoni."

Jumamosi nilikaa kwenye lango la ua wa mwenyekiti, juu ya ndoo niliyoipindua. Maboksi kumi na mawili yalipangwa uani. Mpango ulikuwa betri zote zichajiwe hapo kwanza, kwa sababu kwa mwenyekiti hakuna miti ya kuzuia jua, halafu kila mtu abebe yake. Mwanamke mmoja akasema betri yangu ikijaa pale nikaibeba kwangu, nitakuwa nimechukua moto kwa jirani.

"Huo si moto," mwenzake akamjibu.

"Ni nini basi?"

"Ni umeme."

"Na umeme hauunguzi? Duka la shemeji yako liliunguzwa na nini?"

"Na pombe ya shemeji."

Wakacheka. Fundi, mtu wa makamo kutoka kwa wafugaji wa Gendabi kule Hanang, naye akacheka. "Nyie wakulima mna kazi. Kwetu moto ni ule unaochoma nyama. Hiki hakichomi hata panzi."

"Wewe unga waya," mwenyekiti akamwambia. "Ya wafu tuachie wenyewe."

Nikasimama. Nilisema sola hii niliikataa mke wangu akiwa hai, alilipa bila mimi kujua, na sijui kama nafasi hiyo ni yangu. Sikuwa nimepanga kuyasema.

"Sasa ni ya nani?" akauliza mama mkwe wa mwenyekiti, bibi mzee aliyekuwa anachambua maharage. "Twende tukaulize kaburini?" Akamgeukia fundi. "Hilo jua linatoka nyumba moja kwenda nyingine?"

"Hapana, bibi. Kila nyumba na paa lake."

"Basi betri yake ijazwe juu ya paa lake. Hakuna aliyempa mwenzake."

Walikubali haraka. Sijui kama waliamini, au walitaka tu hesabu ya kumi na mbili itimie. Mimi mwenyewe sijui niliamini nini. Nilibeba boksi langu, nikazunguka njia ndefu ya bondeni ili nisipite kwenye mashamba ya watu.

Fundi alifika kwangu siku ya tatu, nyumba ya mwisho. Wanawake walimfuata, wakasimama nje ya ua. Akafunga paneli juu ya bati, akashusha waya, akaweka taa ya kwanza sebuleni.

"Hii ya pili niiweke wapi?"

Sikujua. Mke wangu hakuniambia, kwa sababu sikumpa nafasi ya kuniambia. Nikatoka mlangoni nikawauliza wanawake.

"Jikoni! Alisema jikoni."

"Jikoni wapi? Alisema juu ya kitanda, afume huku amejifunika. Si unajua alivyoogopa baridi."

"Ulimsikia lini wewe? Alisema zizini, ng'ombe akizaa aone."

Wakaanza kubishana, kila mmoja na maneno aliyoyasikia. Mmoja akalia, bado anabishana. Mimi nilisimama na balbu mkononi. Mke wangu nilimjua miaka kumi na tisa.

Mwenyekiti akafungua lango. Hata mwezi mmoja tangu mazishi ulikuwa haujaisha. Wenzake wakaacha kuongea, lakini hakuna aliyemshika. Akavuka ua, akainama akapita mlangoni, akanipita mimi, akaenda mpaka chumba cha ndani. Akaweka kiganja kwenye boriti karibu na dirisha.

"Hapa."

"Alisema hapa?" nikamuuliza.

"Sijui alisema wapi, baba. Mimi nasema hapa."

Fundi akavuta kigoda, akapanda, akapiga msumari.