Kipimajoto cha Kule Juu

Siku ya kwanza kazini sikupewa ufunguo. Nilipewa ndoo na kitambaa. Mkuu wa Karakana ya wilaya pale Tukuyu alivitazama viatu vyangu nilivyoving'arisha tangu alfajiri, akaitazama leseni yangu mpya, akanirudishia. Kisha akanionyesha gari lililotapakaa tope mpaka kwenye vioo.

"Gari utalijua kwa kulilalia chini," alisema. "Lioshe, halafu uniambie nati ngapi zimelegea."

Nilimwambia nne. Zilikuwa saba. Hivyo nikawa utingo kwa miezi tisa badala ya sita, na baba yangu, aliyekuwa na kibanda cha vitambaa sokoni, akapata la kunitania kila jioni. Alitaka nirithi mkasi wake na fimbo ya kupimia. Nilikuwa mbishi, na ubishi huo umenilisha mpaka nimestaafu.

Vijana wa leo mkikuta shimo moja barabarani mnapiga picha. Sisi wilaya nzima ilikuwa matope. Rungwe mvua haina likizo, na udongo wetu ukilowa unateleza kiasi kwamba gari linaweza kushuka mlima likiwa limetanguliza nyuma. Utingo alibeba chepe, sururu, panga, kamba na minyororo ya kufunga kwenye matairi. Tukifika daraja la magogo, yeye ndiye aliyetangulia kwa miguu, akigonga gogo moja moja kwa ubapa wa panga. Gogo zima linaita. Lililooza ndani halina sauti, na hapo dereva anasubiri mpaka lipatikane jingine. Nilijifunza kusikiliza magogo kabla ya kujifunza kubadili gia mlimani.

Safari yangu ya kwanza nikiwa nimeshika usukani ilikuwa ya Nkunga, kupeleka mafuta ya taa kwenye zahanati. Msishangae. Friji za chanjo wakati huo ziliwashwa kwa utambi, kama taa ya chemli. Moto ukiwa wa bluu, friji inapoa. Ukiwa wa njano unatoa moshi, na baridi inapotea. Dereva alitakiwa kujua kukata utambi, kwa sababu mhudumu wa zahanati aliweza kuwa mgeni na fundi hakuwepo. Baadaye nikapangiwa Masukulu, kwa wajomba zangu, ambako kila nilipofika nilirudi na mkungu wa ndizi hata kama sikuuomba. Mama yangu ni Mnyakyusa wa huko, na Kinyakyusa chake kimenifungulia milango mingi kuliko leseni yangu.

Ndipo nikahamishiwa kitengo cha chanjo. Bosi wangu mpya alikuwa Mratibu wa Chanjo, mama mmoja mfupi, mkali, asiyepandisha sauti. Tulimwita Mama Mratibu. Siku ya kwanza aliniweka mbele ya kasha la baridi, lile sanduku lenye kuta nene linalopangwa vidumu bapa vya barafu, na chanjo katikati. Akatoa kipimajoto chembamba chenye uzi.

"Mbili mpaka nane," alisema. "Kila mnaposimama, dereva anasoma, muuguzi anaandika. Ukisoma uongo, hakuna atakayejua mpaka mtoto augue."

Utaratibu huo ulikuwa wa kwetu, na ulikuwa na maana. Muuguzi alishuka na mizani, kadi na mabomba ya sindano, akazungukwa na akina mama, hana mkono wa tatu. Dereva alifungua kasha, akataja namba kwa sauti, nayo ikaingia daftarini. Nilijivunia jambo hilo. Madereva wenzangu walibeba saruji na wakubwa. Mimi nilikuwa na namba yangu daftarini.

Semina ya kuhifadhi chanjo tulifanyiwa Kyela, bondeni, kwenye joto la kumtoa mtu jasho akiwa amekaa. Siku tatu nzima tulifundishwa kuogopa joto. Usiegeshe juani, usifungue kasha ovyo, funika kwa kitambaa kibichi. Inawezekana walitaja na hatari ya kuganda. Kama walitaja, mimi nilikuwa najifuta jasho.

Sasa niwaambie kuhusu kijiji ambacho ofisini tulikiita Juu. Jina lake halisi naliacha, maana wenyewe bado wapo. Kilikuwa cha mwisho kabisa, kwenye ukingo wa uwanda wa Kitulo. Unatoka Tukuyu asubuhi, unaacha lami Katumba, unapita katikati ya chai ya Suma mpaka Lwangwa, ambako migomba bado imeshamiri. Ukifika Kandete unavaa koti. Migomba imedumaa, watu wanalima viazi na pareto, na moshi unatoka kwenye mapaa mchana kutwa. Baada ya hapo ni mianzi, kisha mianzi nayo inakwisha, unabaki na nyasi, upepo na njia mbili za matairi. Hakuna mti wa kuegemea. Siku isiyo na ukungu, ukigeuka nyuma unaliona Ziwa Nyasa chini kabisa, na mlima Rungwe upande wa machweo. Siku hizi watalii wanasafiri kutoka mbali kuja kupita njia hiyo. Mimi nilikuwa nikiitazama kwa jicho moja, jingine liko kwenye tairi la mbele, lakini nakiri niliipenda kuliko njia zote.

Muuguzi wa safari hizo alikuwa Tumpe, binti wa Lwangwa, mcheshi, mwenye mwandiko mzuri kama wa kuchapwa. Juu walikuwa wanamjua. Walikuwa hawajaiamini chanjo bado, ila walikuwa wanamjua. Kifaduro kilikuwa kimepita kule mwaka uliotangulia, kile kikohozi kinachombana mtoto mpaka anageuka rangi, na kilizika watoto. Bibi Atuganile, ambaye nyumba nyingi za Juu zilimsikiliza kabla ya mwenyekiti, alizika wajukuu wawili. Alikuwa amebakiwa na mmoja. Tumpe alikaa naye jikoni safari mbili nzima akimweleza, mpaka akakubali kumleta huyo mmoja na kuwaita wengine. Bibi akija, kijiji kinakuja. Asingekuja, tungechoma sindano watoto watatu na kurudi.

Safari ya kuchanja ilikuwa mwezi wa saba, kipupwe. Njiani gogo moja la daraja halikuita. Tulipoteza saa nne kulibadilisha, na jua siku hiyo lilikuwa wazi. Tulipofika Juu jioni, barafu yote ilikuwa maji na kipimajoto kilisoma tisa. Moja zaidi ya kiwango. Tumpe alikunja uso. Nikamwambia aniachie mimi. Nikapandisha kasha juu ya paa la gari, nikalifungua kifuniko kidogo lipate hewa ya mlimani, nikaenda kulala kwa mwalimu mkuu nikijiona mjanja. Baridi si ndiyo tunayoitafuta?

Asubuhi nyasi zote zilikuwa nyeupe. Paa la gari lilikuwa jeupe. Nilifungua kasha, vichupa vilikuwa na sindano za barafu ndani, na kipimajoto kilikuwa chini ya sifuri.

Nitaeleza nilichofanya, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike. Nililibeba kasha jikoni kwa mwalimu mkuu, nikaliweka karibu na mafiga mpaka barafu ya vichupani ikayeyuka. Halafu nikakifumbata kipimajoto kiganjani. Nilisimama nyuma ya gari nikikitazama kikipanda. Kilipofika nne nikaenda kwa Tumpe, aliyekuwa anatundika mizani kwenye mlango wa darasa.

"Nne, Nesi," nikasema.

Nilikuwa nimekishika namwonyesha. Hakukitazama. Aliandika nne.

Akina mama walikuja wengi. Walivuka tuta la mlima na blanketi mgongoni, na mbele yao alikuwa Bibi Atuganile na mjukuu wake. Wakaamkiana na Tumpe, mugonile, mugonile, na bibi akakaa wa kwanza kwenye benchi. Alimfunua mtoto paja mwenyewe. Tumpe akavuta dawa kwenye bomba.

Nimeulizwa mara nyingi maishani kama nilikuwa dereva jasiri. Katika matope, ndiyo. Pale mlangoni, hapana. Nilijua nikisema, kijiji kitarudi nyumbani na huenda kisije tena, na mimi kazi sina. Nisiposema, bibi yule ataondoka akiamini mjukuu wake ana kinga, kumbe ana maji. Aliutazama mkono wa Tumpe, wala hakunitazama mimi. Nilimwonea huruma mpaka nikajichukia.

"Nesi, usichome," nikasema. "Imeganda."

Tumpe aliweka bomba chini. Alichukua kichupa, akakitikisa, akakiweka dirishani kwenye mwanga. Chanjo nzima ikitikiswa hubaki nzito kama maziwa kwa muda mrefu. Iliyoganda hukatika, chengachenga zinashuka chini, juu panabaki maji. Zilishuka mbele ya macho yetu. Akanivuta nje, nami nikamwambia na habari ya kiganja.

Alikitia kichupa mfukoni. Kisha akasema, "Ya baridi nitawaeleza mimi. Hiyo ya kiganja utamwambia Mama Mratibu mwenyewe. Mimi siibebi."

Aliwaeleza akina mama kwa Kinyakyusa, bila kupaka rangi: dawa imeharibika kwa baridi, matone ya polio hayadhuriwi na baridi na watapewa leo, ya kifaduro tutaileta tena. Nilitegemea matusi. Wengine walianza kufunga mbeleko. Bibi Atuganile akaniita kwa kidole.

"Wewe ndiye uliyelaza dawa nje?"

"Ndiyo, bibi."

"Mwezi huu sisi mbegu za viazi tunazilaza jikoni, maana balidi ya huku inaunguza. Hata kuku tunalala nao ndani. Wewe dawa ya watoto umeilaza nje. Ungetuuliza."

 Nikamwahidi kwamba siku ya tatu nitakuwa nimerudi. Akasema atakaa pale pale kwenye benchi, na asiponiona, nisimtafute tena maishani.

Tulishuka Tukuyu bila kupumzika. Mama Mratibu alinisikiliza akiwa amesimama. Nilimwambia habari ya paa, ya kifuniko, ya barafu. Nilipofika kwenye kiganja, ulimi ulinigoma. Nikasema nimemaliza. Akaniandikia barua ya onyo, akanipa chanjo nyingine, na akasema nikichelewa kwa bibi huyo nitafute kazi ya kubeba saruji. Siku ya tatu tulikuwa Juu. Usiku uliotangulia kasha lililala kwa Bibi Atuganile, mbali kidogo na mafiga, limefunikwa blanketi lake, na yeye mwenyewe alilala bila blanketi. Asubuhi benchi lilijaa. Tulichanja mpaka kadi zikaisha.

Nilimwendesha Tumpe miaka mingi baada ya hapo. Hakuwahi kunisema, hakumwambia mtu. Tuliendelea kutaniana na kugawana mahindi ya kuchoma Katumba. Lakini kila nilipotaja namba, aliweka kalamu chini, akaja mwenyewe kwenye kasha, akakisoma kipimajoto, ndipo akaandika. Alifanya hivyo mpaka safari yetu ya mwisho. Iliniuma kila mara, na kila mara nilijua ana haki.

Nilistaafu kwa heshima zote. Walinipa blanketi, kofia na hotuba, wakasema sikuwahi kuwa na doa ila barua moja ya kosa la bahati mbaya. Mama Mratibu alikuwa ameshafariki. Nilipiga makofi pamoja nao.

Mwaka jana maporomoko yalikata njia ya Juu, na Lusekelo, dereva wa chanjo wa sasa, aliniomba nimwonyeshe njia yetu ya zamani. Muuguzi wake alikuwa ametangulia Juu kwa pikipiki, kwa hiyo tulikuwa wawili. Njia ile ile, nyasi zile zile, isipokuwa magogo yamekuwa zege na Kandete kuna mtandao. Tulifika jioni. Bibi Atuganile hayupo tena, lakini nilimwona Lusekelo akilishusha kasha, akaliingiza ndani ya nyumba ya bibi, ambayo sasa ni ya mwanawe, akalifunika blanketi mbali kidogo na mafiga. Nikamuuliza amefundishwa na nani.

"Ndiyo utaratibu wa huku, mzee," akasema. "Zamani kuna dereva mmoja aligandisha chanjo. Alisema mwenyewe kabla hawajachoma."

"Jina lake nani?"

"Hawamtaji. Wanasema alikuwa mwaminifu sana."

Sikulala vizuri. Asubuhi, muuguzi akiwa ameshatangulia shuleni, Lusekelo alifungua kasha, daftari likiwa mkononi na kalamu mdomoni, akaning'inizia kipimajoto kwa uzi wake. "Nisomee, mzee."

Nilikishika kwa uzi. "Tano," nikasema.

Akataka kuandika. Nikaushika mkono wake. "Kisome na wewe kwanza."

"Mzee, wewe nakuamini."

"Tumpe naye aliniamini," nikamwambia, na pale pale, mlangoni kwa Bibi Atuganile, nikamweleza habari ya kiganja.

Alinisikiliza mpaka mwisho.  Alichukua kipimajoto, akakigeuzia kwenye mwanga, akakitazama kwa muda.

"Tano," akasema. Ndipo akaandika.