Maji ya Alasiri

Enzi zetu maji yalikuwa na nyakati zake, kama swala. Hayakukaa mferejini mchana kutwa yakimngoja mtu apende kufungua. Asubuhi yalikwenda upande wa juu, penye ofisi, maduka na nyumba za walimu. Alasiri yalishuka kwetu upande wa chini, penye msikiti, soko la mahindi na vijumba vyetu vya udongo. Tangi lilikuwa moja, tena dogo, nalo lilijazwa na bomba lililotoka kwenye chemchemi huko miteremko ya Mlima Elgon. Halikutosha kunywesha pande zote mbili kwa pamoja, basi tuligawana mchana kama ndugu wanavyogawana koti moja.

Ulikuwa mji mdogo wa upande wa Bungoma, mwendo mfupi tu kutoka Kimilili. Wenzangu mliokulia huko mtautambua bila mimi kuutaja. Mtakumbuka pia foleni ya mfereji wa umma. Tulitoka shule mbio, tukatupa madaftari kitandani, tukachukua madebe na ngata za majani ya migomba, kisha tukayapanga madebe kwa mstari. Waliokuwa foleni ni madebe. Wenyewe tulikuwa uwanjani tukicheza kati, mchezo wa kukwepa mpira wa matambara, au tumechuchumaa kwenye vumbi tukirusha vijiwe. Hakuna aliyethubutu kusogeza debe la mwenzake. Ukilisogeza, hata mama yako mzazi angekuchapa mbele ya watu. Mahindi yalichomwa pembeni, moshi wake ukituingia puani, na akina mama walikaa juu ya mawe wakichambua mboga na habari za mji.

Mtu aliyetugawia maji alikuwa Mzee Wafula. Sisi watoto tulimwita Baba Nanjala, kwa kuwa binti yake Nanjala alikuwa rafiki yangu wa darasa moja. Baraza la mji lilimpa kazi hiyo na nyumba ya vyumba viwili kando ya tangi, juu kilimani. Alikuwa na ufunguo mrefu wa chuma, mrefu kuliko mimi, aliouingiza kwenye shimo lenye koki kubwa. Akiuzungusha huku, maji yanafungwa juu. Akiuzungusha kule, yanateremka chini. Jumapili aliimba sauti nzito kanisani hadi madirisha yakatetemeka, au ndivyo Nanjala alivyotuambia.

Baba yangu naye alikuwa muadhini. Watu wote, Waislamu kwa Wakristo, walimwita Maalim. Msikiti wetu haukuwa na kipaza sauti. Alisimama kwenye ngazi ya mlango, akaweka mkono sikioni, na sauti yake ikapanda hadi kwenye tangi na kuvuka mashamba. Ndani kulikuwa na saa ya ukutani ya kutia ufunguo, naye aliitunza kama mgonjwa.

Kulikuwa na jambo moja lililompendeza sana. Kila siku, alipomaliza tu adhana ya alasiri, mfereji wa kutawadhia ulikohoa mara mbili tatu, kisha maji yakaja. Hayakuchelewa hata siku moja. Baba alitikisa kichwa kwa furaha, akatuambia sisi wanawe:

"Mnaona Wafula? Mkristo yule anatushinda wengi kwa kutunza wakati. Saa yake na yangu ni kama pacha."

Hakujua kwamba saa ya Wafula ilikuwa imekwisha kufa. Saa aliyopewa na baraza ilimponyoka mkononi kabla ya Krismasi, ikaanguka kwenye shimo la koki, ikanywa maji, na haikupiga tena. Baba Nanjala hakumwambia mtu. Alikuwa na sababu. Muda mfupi kabla ya hapo tangi lilifurika na kumwaga maji bure, na karani mpya wa baraza, bwana mmoja wa suruali iliyopigwa pasi hadi ikakata, alimwonya mbele ya watu: kosa jingine moja, arudishe ufunguo na nyumba. Watoto watano, mke, na mama mzee wa kutunzwa, wangekwenda wapi? Kwa hiyo alinyamaza, akatumia masikio yake. Alipomsikia Maalim, alizungusha ufunguo. Siri hiyo ilikuwa ya nyumba yao peke yao.

Siku ninayoitaja ilikuwa katika Machi ile ya mawingu ya uongo, yanayokuja meusi kutoka mlimani, yanatisha, kisha yanapita bila kudondosha tone. Nchi ilikuwa kavu. Swala ya Ijumaa ilipokwisha tu, saa ya msikiti ilikataa kutembea, na baba akampa mfanyabiashara mmoja aipeleke kwa fundi Kitale. Hakuwa na wasiwasi. Siku za jua alijua kupima kivuli cha fimbo kama walimu wake walivyomfundisha. Lakini mchana ule hakukuwa na jua, na fimbo haikuwa na kivuli.

Ninyi mliosoma mtasema angeweza kukadiria. Ni kweli, dini inaruhusu, naye alilijua hilo kuliko mimi. Lakini aliogopa kuita watu kabla ya wakati. Alisema kuadhini mapema ni kuwapa watu ahadi ambayo si yako. Kisha akatabasamu, kwa sababu alikumbuka kwamba kuna saa nyingine mjini.

"Nitasikiliza mfereji," alimwambia mama. "Maji ya Wafula yakija, nitajua."

Akachuchumaa mbele ya mfereji wa kutawadhia, mkono juu ya koki, akangoja maji. Na kule kilimani Baba Nanjala alikaa kwenye ukingo wa shimo, ufunguo mapajani, akangoja adhana.

Tulicheza kati mpaka tukachoka. Madebe yalikaa makavu. Watoto wa darasa la juu, waliotoka shule baada yetu, wakafika na madebe yao, foleni ikapinda kona. Akina mama wakamaliza mboga, wakamaliza na habari. Kuku wakaanza kurudi nyumbani. Mama mmoja akasema mtoto wake ana homa na ndani hakuna hata kikombe cha maji. Mwingine akasema kesho wote waende kwa karani, Wafula amezoea. Nanjala alikuwa kando yangu, akitazama kilimani kila mara.

Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa mtoto wa kusema. "Baba yako amelala," nikamwambia.

"Hajalala! Wako ndiye amelala!"

"Baba yangu anahusika nini na maji? Yeye anafungua koki?"

"Si baba anamngoja! Asipoita, baba atajuaje? Saa ilikufa!"

Alipokwisha kusema akaziba mdomo kwa mikono miwili, lakini neno likikwisha toka halirudi. Foleni nzima ilikuwa imesikia. Sote tulijua, hata sisi wadogo, kwamba maneno ya mferejini hayahitaji mjumbe. Kabla ya karani kunywa chai ya asubuhi angekuwa nayo. Nanjala akaanza kulia polepole, akisema, "Watatufukuza. Watatufukuza."

Mama Tabitha ndiye aliyeinuka. Aliuza vitunguu, alikuwa na sauti ya soko la Chwele siku ya mnada. Akajifunga leso kiunoni, akaenda moja kwa moja hadi uani kwa msikiti, sisi nyuma yake.

"Maalim! Shikamoo. Unangoja nini hapo?"

"Marahaba, mama. Nangoja maji ya Wafula."

"Ati? Na Wafula anangoja wewe!"

Baba alimtazama. Akautazama mfereji. Nilimwona akiirudisha miezi ile yote nyuma akilini mwake, adhana na maji, adhana na maji, mpaka akaelewa kipi kilikuwa kikimfuata kipi. "La ilaha illallah," akasema kwa sauti ndogo. Kisha akainuka, akaweka mkono sikioni, akaadhini. Sauti yake ilitetemeka, sijui kwa haya au kwa kicheko.

Hakuwa amefika mwisho mfereji ulipokohoa. Akina mama walicheka hadi wengine wakakalia madebe yao. Jua lilichungulia kidogo chini ya mawingu, limekwisha inama, lakini halijazama. Swala iliswaliwa ndani ya wakati wake, alhamdulillahi, na mtoto mwenye homa alipata maji kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, na karani alimwita Baba Nanjala ofisini. Baba yangu alivaa kanzu yake ya Ijumaa, akaenda naye bila kuitwa. Mama Tabitha na akina mama wa foleni wakaenda bila kuitwa pia. Sisi watoto tulijazana dirishani.

"Wafula, saa ya baraza iko wapi?"

"Ilikufa, bwana karani. Kabla ya Krismasi."

"Na tangu hapo umekuwa ukifungua maji kwa saa ipi?"

"Kwa Maalim."

Mtu mmoja alicheka nyuma, karani akamkata jicho. "Weka ufunguo hapa," akasema. Baba Nanjala aliuweka mezani. Ulikuwa mrefu kuliko meza, ukabaki umening'inia pande zote mbili. Nanjala alinishika mkono akaubana mpaka ukaniuma.

Baba yangu akasema, "Bwana karani, kosa hili naomba uligawe. Yeye alinitegemea mimi, mimi nikamtegemea yeye. Hakuna aliyemwuliza mwenzake. Ukimfukuza mmoja utakuwa umeacha nusu ya kosa mjini."

"Wewe si mfanyakazi wangu, Maalim."

"Basi ni bahati yangu, bwana."

Mama Tabitha hakungoja zamu. "Karani, mimi nauliza tu. Tangu Krismasi, kuna mtu wa chini amekuja hapa kulia hana maji? Hata mmoja? Miezi hii yote saa ilikuwa imekufa na sisi tunapika. Ukileta mwingine mwenye saa nzima na moyo umekufa, si tutakuja hapa kila siku, bana?"

Karani alijaribu kubaki na uso wa ofisi. Aliugusa ufunguo, akautazama mlango, akatutazama sisi dirishani. Kisha akamwuliza baba, "Saa ya msikiti itarudi lini kutoka Kitale?"

"Fundi amesema wiki ijayo, inshallah."

"Wafula, chukua ufunguo wako. Nitaomba baraza likupe saa nyingine. Lakini kuanzia leo, kila siku mchana, mmoja wenu ampandie au amshukie mwenzake. Sitaki kusikia tena watu wazima wawili wamekaa wakingojana."

Ndivyo ilivyokuwa. Hata saa zote mbili zilipokuwa nzima, Baba Nanjala alishuka na yake mfukoni ailinganishe na ya msikiti, na siku miguu yake ilipouma, baba yangu alipanda. Walikunywa chai ya maziwa kwa mandazi ya mama. Waliulizana habari za watoto na za mbegu. Mwezi wa Ramadhani Baba Nanjala alikataa chai yetu, akasema hawezi kunywa peke yake mbele ya rafiki. Alishika ule ufunguo hadi mvi zikamjaa, na Nanjala alisoma ndani ya nyumba ile ya kilimani mpaka akawa mwalimu.

Sasa tuko katika miaka hii ya elfu mbili. Ninaishi Kibomet, hapa Kitale, kwa mwanangu, na mfereji uko ndani ya nyumba, hatua chache kutoka kitandani pangu. Namshukuru Mungu, wala simdanganyi mtu kwamba debe kichwani lilikuwa tamu. Shingo yangu inakumbuka. Mjukuu wangu anafanya kazi kwenye ofisi ya maji. Ananiambia huko wana mashine inayojifungua na kujifunga yenyewe, hakuna mtu wa kungoja adhana ya mtu. Nilipomsimulia habari hii alicheka hadi simu yake ikamwanguka.

"Nyanya, ati mji mzima mlikuwa mnategemea wazee wawili? Hiyo ilikuwa noma!"

Simlaumu. Vijana wetu wana akili nyingi, na vidole vyao vina mbio. Wanajua maji yamekatika mitaa mingine yote kabla ya kujua kama mama wa mlango wa pili ana ya kunywa.

Juzi mashine ile ilijifunga na haikujifungua. Mchana kutwa mfereji wangu haukutoa kitu. Mjukuu, aliyekuwa na mapumziko siku hiyo, alikuwa kitandani na simu yake, akiwaandikia watu wa mbali. Mtaa ulikuwa kimya, hakuna foleni, hakuna mpira wa matambara, hakuna mama wa vitunguu. Kupitia ukutani nilisikia jirani akifungua mfereji wake, ukakohoa, akaufunga. Baada ya kitambo akaufungua tena. Ukuta ni mmoja, naye amehamia hapo tangu mwaka jana, na jina lake silijui.

Nikakaa nikisikiliza. Kisha nikaona haya. Nikajifunika mtandio, nikatoka, nikabisha hodi.

Msichana mmoja alifungua mlango, mtoto mgongoni. "Karibu, nyanya. Kwani kwenu pia hakuna?"

"Hakuna, mwanangu," nikamwambia. "Nimekuja kukuuliza hivyo hivyo."