Mingazi ya Mama Mukwe na Nyaya za Mgodi

Octave, kapita, yaani msimamizi wa vibarua wa kufyeka chini ya nyaya za mgodi karibu na Salamabila, aliogopa vitu viwili: fimbo ya Bwana Mkubwa, mzungu wa mgodi, na mama mukwe wake, Régina. Fimbo walau ilikuwa na siku zake.

Mvua ikinyesha tu, umeme ulikatika. Ndani ya kibanda cha mashine mlikuwa na rele, kisanduku cheusi kinacholinganisha umeme unaokwenda na unaorudi katika nyaya tatu. Usipolingana, basi kuna mahali umeme umetoroka ukashuka ardhini. Rele inalia tak! na kufunga njia. Kisanduku hakikuuliza rangi ya mtu. Aliyeuliza ni Bwana Mkubwa, tena na jibu alikuwa nalo tayari.

"Ni miti ya washenzi! Kata!"

Octave akakata. Migomba, miembe, hata mpapai mmoja ambao hata kivuli chake hakikufika kwenye waya. Umeme ukakatika vilevile. Ikabaki mingazi ya Régina, iliyompa mafuta ya mawese ya kuuza sokoni.

Kwa kuwa mama mukwe hasemi na mukwe wake uso kwa uso, Régina alisimama nyuma ya ukuta, akasema na binti yake.

"Emilienne, ambia bwana yako: akigusa mungazi wangu hata mumoja, anirudishie mutoto wangu, na mimi nitamurudishia mbuzi zake. Zile za kukonda."

"Mama anasema..."

"Nimesikia," Octave akajibu.

Kesho yake mvua ilimkuta Octave mbele ya ofisi ya Bwana Mkubwa. Hapo akaona: bendera ya serikali, imelowa chapa, ikapeperuka kutoka mlingoti wake wa chuma na kujilaza juu ya waya. Cheche! Taa zikazimika. Octave akafumba macho haraka, kama mtu aliyemkuta Bwana Mkubwa akioga. Nani atashitaki bendera? Watu walichapwa kwa kutoisalimu tu.

Bwana Mkubwa akatoka akifoka: "Mingazi! Leo hii!"

Octave akavua kofia. "Bwana, kosa iko ya waya. Haina adabu. Inasimama karibu na bendera mpaka inaigusa bila ruhusa."

Bwana akatazama juu, akaiva uso mzima. "Waya hii ihame!"

Ikahamishwa upande wa kiwanja cha tenisi, na kapita mwenye adabu akapewa heshima ya kuchimba mashimo ya nguzo. Mchana Emilienne akamletea bugali na samaki, mawese yakielea juu.

"Mama anasema ukule. Anasema tena, mashimo yako yamepinda."